Jinsi ya Kutafiti Haki ya Matibabu ya Wahamiaji Katika Nchi Waliyohamia: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

"Mhamiaji asiye na kibali ana haki ya kutibiwa au hana?" Swali hili huulizwa kila mara na wanafunzi wanaoandika tasnifu, wafanyakazi wa mashirika ya misaada, waandishi wa habari, hata watu ambao ndugu yao amelazwa ughaibuni na hospitali inadai fedha. Nyuma yake hufuata mengine yale yale: nianzie wapi, mkataba upi unatumika, mbona sheria inasema hivi na hospitali inafanya vile? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao mtu yeyote anaweza kuufuata akiwa na kompyuta, muda na subira.

Niseme mapema jambo ambalo yote yatakayofuata yameegemea juu yake. Haki hii haikai katika andiko moja. Inaanzia juu kwenye mikataba ya kimataifa, inapita kwenye katiba, sheria, kanuni na waraka wa wizara, na inaishia kwenye dirisha la mapokezi ambako karani anauliza, "Kitambulisho chako kiko wapi?" Mtafiti anayeishia juu ataandika kwamba haki ipo. Anayeangalia dirishani peke yake ataandika kwamba haki haipo. Kazi yako ni kushuka ngazi zote na kuonyesha haki imekatikia kwenye ngazi ipi.

Na kama unasoma hapa kwa sababu kuna mgonjwa anayesubiri sasa hivi, usianze na utafiti. Mpeleke kitengo cha dharura, kisha tafuta wakili au shirika linalosaidia wahamiaji katika nchi hiyo. Mwongozo huu utakungoja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nchi moja tu. Kulinganisha nchi tatu kunavutia, lakini anayeanza huishia kujua kidogo kuhusu kila moja. Maliza moja kwanza.
- Tarehe ya kukomea. Andika juu ya daftari lako: "Hali ya sheria kufikia tarehe fulani." Sheria za eneo hili hubadilika haraka kuliko unavyodhani.
- Lugha rasmi ya nchi hiyo, au mtu anayeisoma vizuri. Programu za kutafsiri zitakusaidia kuzipata kurasa. Zisikusaidie kunukuu sheria, maana neno moja kama "dharura" au "mkaazi" linaweza kubeba hatima ya mtu.
- Jedwali la kompyuta au daftari lenye safu. Utalihitaji tangu siku ya kwanza.
- Ikiwa utahoji watu: kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kiombe mapema kabisa, kwa sababu huchukua muda mrefu na huruhusiwi kuhoji kabla hakijatoka.
- Mahali salama pa kuhifadhi kumbukumbu, penye nywila, pasipofikiwa na watu wengine wa ofisi au wa nyumbani.

Shahada ya sheria si lazima. Kilicho lazima ni kusoma kifungu chote hadi mwisho, pamoja na vile vijifungu vinavyoanza na "isipokuwa".

Hatua ya 1: Andika swali lenye vipande vitano

Nani, ana hadhi gani kisheria, anahitaji huduma gani, yuko wapi, na ni lini. Kipande kimoja kikikosekana, swali halijibiki.

"Je, wahamiaji wana haki ya matibabu Ujerumani?" halijibiki. Lijaribu hivi: "Mtu mzima mwenye kisukari, aliyeomba hifadhi Ujerumani, ombi lake halijaamuliwa, ana miezi ishirini nchini. Mwaka 2025, dawa na vipimo vyake analipiwa na nani?"

Sasa lifungue. Ujerumani ina sheria ya mafao ya waomba hifadhi, iliyotungwa mwaka 1993. Kifungu cha 4 kinatoa matibabu kwa ugonjwa wa ghafla na kwa maumivu. Kisukari ni ugonjwa wa kudumu, kwa hiyo itakubidi usogee hadi kifungu cha 6, kinachoruhusu mafao mengine pale yanapokuwa ya lazima katika kulinda afya. Hapo ofisi inayohusika ndiyo inayopima kama ni lazima au si lazima. Lakini rudi kwenye kifungu cha 4: mjamzito anapewa huduma za ujauzito na uzazi, pamoja na mkunga na dawa, bila kubanwa na neno "ghafla". Halafu kuna suala la muda. Baada ya kipindi fulani, mwomba hifadhi hupata huduma zinazofanana kwa kiasi kikubwa na za mwenye bima ya umma. Kipindi hicho kilikuwa miezi 15 tangu 2015, kikawa 18 mwaka 2019, na tangu Februari 2024 ni miezi 36. Mtu wetu wa miezi ishirini angekuwa ameshavuka mwaka 2023. Mwaka 2025 hajavuka.

Ona jinsi mgonjwa wa kisukari na mjamzito wanavyoweza kulala katika kambi moja, chini ya sheria moja, na wakapata majibu tofauti. Ndiyo maana vipande vitano.

Tahadhari: haki ya afya ni pana kuliko haki ya matibabu. Haki ya afya inagusa maji safi, makazi, lishe na usalama kazini. Amua unatafiti ipi, na uitaje kwa jina lake tangu ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 2: Wapange wahamiaji kwa hadhi zao

Neno "mhamiaji" linafunika watu ambao sheria huwatenganisha kabisa. Fungua safu kwa kila mmoja: mkimbizi aliyetambuliwa, mwomba hifadhi anayesubiri, aliyekataliwa hifadhi, mfanyakazi mwenye kibali, mwanafunzi, mwanafamilia wa mkaazi, asiye na utaifa, mhanga wa usafirishaji haramu wa binadamu, na asiye na kibali chochote. Watoto na wajawazito wawekee safu zao pembeni, kwa kuwa nchi nyingi zina kanuni maalumu kwa ajili yao.

Kumbuka pia kwamba hadhi huhama. Mwanafunzi ambaye viza yake imekwisha jana, leo ni mtu asiye na kibali. Jiulize kila mara: matibabu aliyokwisha kuyaanza yanaendelea, au yanakatwa?

Hatua ya 3: Soma mikataba, na uhakikishe nchi imejifunga nayo

Anza na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, kifungu cha 12. Baada ya hapo soma Maoni ya Jumla Na. 14 ya mwaka 2000, ambamo kamati ya mkataba huo ilieleza maana ya kifungu hicho. Aya ya 34 inasema nchi zisimnyime mtu yeyote, awe mwomba hifadhi au mhamiaji asiye na kibali, fursa sawa ya kupata huduma za kinga, tiba na za kupunguza mateso ya mgonjwa. Ongeza Maoni ya Jumla Na. 20 ya 2009, aya ya 30, inayosema haki za mkataba ni za kila mtu pasipo kujali hadhi ya kisheria wala nyaraka.

Kisha pitia hii kwa haraka:

- Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 24. Kwa mtoto, huu ndio wenye nguvu kuliko yote, kwani karibu dunia nzima imeuridhia. Marekani imeusaini lakini haijauridhia.
- Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi wa 1965, kifungu cha 5.
- Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, vifungu vya 23 na 24, pamoja na Itifaki yake ya 1967.
- Mkataba wa wafanyakazi wahamiaji na familia zao wa 1990, ulioanza kutumika 2003. Kifungu cha 28 kinamlinda hata asiye na kibali, ila kwa matibabu ya haraka tu: yanayohitajika kuokoa maisha au kuzuia madhara yasiyorekebishika.
- Mikataba ya kanda. Afrika ina Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981, kifungu cha 16. Ulaya ina Mkataba wa Kijamii wa Ulaya.

Hapa ndipo wanaoanza huteleza zaidi. Wengi huunukuu ule mkataba wa 1990 kana kwamba unaifunga dunia nzima, hali ya kuwa Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Marekani na Kanada hazijauridhia. Kwa kila mkataba unaotaka kuutumia, fungua hazina ya mikataba ya Umoja wa Mataifa na uandike mambo matatu: nchi ilisaini lini, iliridhia lini, na iliweka masharti gani ya kutofungwa na baadhi ya vifungu. Kusaini si kuridhia. Afrika Kusini ilisaini Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni mwaka 1994 na ikauridhia 2015. Anayeandika kuhusu tukio la 2010 hawezi kuutumia mkataba huo kana kwamba ulikuwa tayari umeifunga nchi.

Jambo la mwisho katika ngazi hii ni kujua mkataba unaingiaje ndani ya nchi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Uingereza, kinyume chake, mkataba hautumiki moja kwa moja mahakamani mpaka bunge litunge sheria.

Hatua ya 4: Shuka kwenye katiba, sheria, kanuni na waraka

Soma katiba ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila palipo na "kila mtu" na kila palipo na "raia". Kenya, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Afrika Kusini, kifungu cha 27, nayo inasema kila mtu, na inakataza kumnyima yeyote matibabu ya dharura. Tofauti ya "mtu" na "raia" ni ndogo machoni lakini ndiyo inayofungua au kufunga mlango.

Baada ya katiba, tafuta kwa mpangilio huu: sheria ya afya, sheria ya bima ya afya, sheria ya wakimbizi, sheria ya uhamiaji, kanuni zilizotungwa chini ya sheria hizo, na mwisho waraka na miongozo ya wizara. Usiishie kwenye sheria. Mara nyingi bunge huandika neno pana, na maana yake halisi hujazwa na waraka wa kurasa chache uliotumwa hospitalini.

Neno la kulifuatilia kuliko yote ni "dharura" na ndugu zake. Marekani, sheria ya 1986 inazilazimisha hospitali zenye kitengo cha dharura zinazoshiriki mpango wa bima ya serikali kwa wazee, yaani karibu zote, kumpima na kumtuliza kila anayefika, bila kuangalia uraia wala uwezo. Haisemi kwamba ni bure. Bili inaweza kufuata. Uswidi, tangu Julai 2013, mtu mzima asiye na kibali anapata huduma isiyoweza kuahirishwa, maneno ambayo yana upana zaidi ya dharura, ingawa kipimo chake kiko mikononi mwa daktari. Kwa kila nchi andika neno lenyewe katika lugha yake ya asili, nani analitafsiri, na nani analipa baada ya hapo.

Angalia pia historia ya karibu. Uhispania iliwaondoa watu wazima wasio na kibali kwenye huduma za kawaida kwa amri ya 2012, na ikawarudisha kwa amri ya 2018. Makala yaliyoandikwa katikati ya miaka hiyo bado yapo mtandaoni, na bado yananukuliwa kana kwamba ndiyo sheria ya leo.

Mahali pa kutafutia: gazeti rasmi la serikali, tovuti ya bunge, hifadhi za sheria za taifa kama Kenya Law na SAFLII ya Afrika Kusini, NATLEX ya Shirika la Kazi Duniani, na Refworld, hazina ya nyaraka iliyoanzishwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Hatua ya 5: Tafuta sheria inayoikata haki kwa nyuma

Hatua hii husahaulika, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito kuliko zote. Sheria ya afya inaweza kutoa haki kamili, huku sheria nyingine, mbali kabisa na wizara ya afya, ikimfanya mgonjwa aogope kuitumia.

Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni kuripoti. Je, mtumishi wa umma analazimika kutoa taarifa anapokutana na mtu asiye na kibali? Ujerumani, kifungu cha 87 cha sheria ya ukaazi kinazitaka ofisi za umma kuitaarifu mamlaka ya uhamiaji. Daktari analindwa na wajibu wa siri, na katika dharura ulinzi huo unafika hadi kwa wahasibu wa hospitali. Lakini mtu anayetaka matibabu ya kupanga hulazimika kwanza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba gharama, na ofisi hiyo haina ulinzi huo. Kwa hiyo haki iko kwenye karatasi, na njia ya kuifikia inapita mbele ya mlango wa kufukuzwa nchini. Italia ilichagua kinyume: sheria yake ya uhamiaji ya 1998, kifungu cha 35, inakataza hospitali kumripoti mgonjwa asiye na kibali, isipokuwa katika hali zile zile ambazo ingelazimika kumripoti hata raia.

La pili ni deni. Uingereza, mgeni asiyestahili huduma ya bure akidaiwa na hospitali pauni 500 au zaidi, na deni likakaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo, taarifa hupelekwa wizara ya mambo ya ndani na huweza kuwa sababu ya kukataliwa viza baadaye. Ukisoma kanuni za afya pekee hutaiona athari hiyo, kwa kuwa imeandikwa kwenye kanuni za uhamiaji.

La tatu ni kubadilishana taarifa. Uliza kama kumbukumbu za wagonjwa hupelekwa kwa idara ya uhamiaji, na kwa makubaliano gani. Uingereza iliwahi kuwa na makubaliano ya aina hiyo yaliyotangazwa 2017, yakasimamishwa 2018 baada ya kupingwa vikali.

Hatua ya 6: Soma hukumu

Hukumu inakuonyesha mtu halisi na mahali ambapo haki ilikataliwa. Soma mbili tatu kwa ukamilifu badala ya muhtasari wa ishirini.

Ya kuanzia ni ya Nell Toussaint dhidi ya Kanada. Alitoka Grenada, akaishi na kufanya kazi Kanada hadi akabaki bila kibali, akaugua vibaya, na akanyimwa bima ya afya ya serikali kuu. Alishindwa katika mahakama za Kanada. Mwaka 2018 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema haki yake ya kuishi na ya kutobaguliwa zilikiukwa. Ona njia aliyopita: aliegemea haki ya kuishi, iliyo katika mkataba wa haki za kiraia na kisiasa. Haki ya matibabu inaweza kutetewa kupitia mlango usioitwa "afya", kwa hiyo unapotafuta hukumu tumia pia maneno "haki ya kuishi", "utu" na "ubaguzi".

Ya pili inatoka Afrika Kusini. Sheria ya afya ya nchi hiyo inatoa huduma bure kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka sita. Hata hivyo mkoa wa Gauteng ulitoa sera mwaka 2020 iliyofanya hospitali ziwatoze wageni. Aprili 2023 Mahakama Kuu mjini Johannesburg iliibatilisha, ikaamuru pia matangazo yabandikwe hospitalini ili kila anayeingia ajue haki hiyo. Huo ni mfano safi wa haki iliyokuwepo katika katiba na sheria, ikakatikia kwenye waraka wa mkoa.

Lakini usifunge jalada hapo. Mwaka 2025 vikundi vya raia vilisimama kwenye milango ya zahanati za serikali nchini humo, vikidai vitambulisho na kuwarudisha wageni kabla hawajafika mapokezi. Hukumu haikufuta hilo.

Hatua ya 7: Nenda dirishani

Sasa linganisha maandishi na hali halisi. Kamati iliyotoa Maoni ya Jumla Na. 14 imekupa kipimo: huduma ziwepo, zifikike, zikubalike na ziwe na ubora. Kufikika kunagawanyika tena: bila ubaguzi, kwa umbali, kwa gharama, na kwa taarifa. Vitumie kama vichwa vya maswali yako.

Chagua vituo vichache vya aina tofauti: hospitali kubwa ya umma, zahanati, na kituo kinachoendeshwa na shirika. Kwa idhini ya uongozi, kaa mapokezi na uandike unachokiona:

- Tangazo lililobandikwa ukutani linataja nyaraka gani, na kwa lugha zipi?
- Swali la kwanza la karani ni lipi: unaumwa nini, au kitambulisho kiko wapi?
- Asiye na kitambulisho anaambiwa nini, na anaenda wapi akitoka hapo?
- Malipo yanadaiwa kabla ya kuonwa na daktari au baada?
- Yupo mkalimani, au anatumika mtoto wa mgonjwa?

Swali la pili katika orodha hiyo lisikupite. Uingereza, mwongozo wa huduma ya afya ya taifa unasema kujiandikisha kwa daktari wa eneo hakuhitaji uthibitisho wa makazi wala hadhi ya uhamiaji. Bado watu hurudishwa kwa kukosa bili ya umeme yenye jina lao. Ujerumani, katika wilaya nyingi, mwomba hifadhi hulazimika kuchukua hati ya matibabu kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ndipo aende kwa daktari, maana yake mtu wa kwanza kuamua kama ugonjwa unastahili kutibiwa ni karani. Bremen iliondoa hatua hiyo kwa kutoa kadi za bima tangu 2005, na Hamburg ikafuata 2012. Sheria ya taifa ni ile ile. Utaratibu wa dirishani ndio uliobadilisha maisha.

Tahadhari: usijifanye mgonjwa ili kuwapima wahudumu. Unachukua nafasi ya mtu anayeumwa kweli, na kamati ya maadili haitakuruhusu.

Hatua ya 8: Ongea na watu bila kuwaweka hatarini

Anza na wahudumu wa afya, maafisa ustawi wa jamii, wakalimani, viongozi wa jumuiya za wahamiaji na mawakili. Wao wanajua mengi na wana la kupoteza kidogo. Wahamiaji wenyewe wafuate baadaye, kupitia mtu wanayemwamini.

Kwa asiye na kibali, fomu ya ridhaa yenye saini ni ushahidi dhidi yake. Omba kamati ya maadili ikuruhusu kupokea ridhaa ya mdomo. Usiandike jina, mtaa, mwajiri wala tarehe kamili ya kuingia nchini. Ukirekodi sauti, iandike kwa maneno mapema kisha uifute. Usimwulize hadhi yake moja kwa moja, uliza, "Ulipokwenda hospitali, walikuomba nini?" na atakueleza kiasi anachotaka mwenyewe.

Mweleze mapema kwamba huwezi kumpatia kibali wala matibabu. Watu watakubali kuzungumza kwa matumaini hayo usipowaambia ukweli. Beba karatasi yenye orodha ya kliniki na mashirika yanayosaidia, na umwachie hata kama ameamua kutozungumza nawe.

Anayesimulia kifo cha mtoto au mimba iliyoharibika akiwa kwenye foleni hahitaji swali la nyongeza. Zima kinasa sauti, kaa naye. Dodoso lako linaweza kusubiri.

Hatua ya 9: Jaza jedwali, kisha andika

Kila mstari wa jedwali uwe na: hadhi, huduma, mkataba, sheria na kifungu, waraka, nani analipa, nyaraka zinazodaiwa, hatari iliyopo (kuripotiwa, deni), ulichokiona kituoni, na tarehe uliyohakiki. Mstari ukijaa, utaona wenyewe haki ilikokatikia.

Unapoandika, tenganisha sentensi za aina tatu: sheria inasema, wizara inaelekeza, kituoni hufanyika. Ukizichanganya, msomaji atamlaumu muuguzi kwa kosa la waziri, au waziri kwa kosa la muuguzi.

Ukikwama

*Siioni sheria yoyote inayowataja wahamiaji.* Huenda haipo. Angalia kama sheria ya jumla inasema "kila mtu" au "mkaazi", halafu tafuta tafsiri ya "mkaazi" katika vifungu vya mwanzo au katika sheria ya kodi na ya usajili. Ukimya wa sheria nao ni tokeo, uandike hivyo.

*Waraka wa wizara haupatikani mtandaoni.* Uombe kwa barua ukitumia sheria ya haki ya kupata taarifa, kama nchi inayo. Wakati unasubiri, muulize msimamizi wa mapokezi ni maelekezo gani anayoyafuata. Mara nyingi nakala iko ndani ya droo yake. Maombi ya mawakili mahakamani pia huambatanisha waraka mzima.

*Vyanzo viwili vinapingana.* Linganisha tarehe kwanza. Zikiwa sawa, angalia kama nchi ni ya shirikisho, maana mkoa au jimbo linaweza kuwa na kanuni yake. Baada ya hapo ndipo udhani kwamba mmoja amekosea.

*Serikali inasema wote wanatibiwa, mashirika yanasema hapana.* Fungua ripoti ambazo nchi yenyewe hupeleka kwa kamati za mikataba, ripoti mbadala za mashirika, na maoni ya kamati baada ya kuzisikiliza pande zote. Zote huwekwa hadharani na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

*Hakuna mhamiaji anayetaka kuzungumza nami.* Usiwasukume. Tumia hukumu, ripoti za kliniki za hisani na maelezo ya wahudumu, na ueleze kwenye utafiti kwamba hofu ilikuwa kubwa kiasi hicho.

*Sheria imebadilika nikiwa katikati ya kazi.* Baki na tarehe yako ya kukomea, maliza uchambuzi, kisha ongeza sehemu fupi inayoeleza mabadiliko, yanaanza kutumika lini, na yanamgusa nani ambaye tayari yuko kwenye matibabu. Hilo la mwisho hutafutwa ndani ya vifungu vya mpito, ambavyo kwa kawaida viko kurasa za mwisho za sheria mpya.